Mgao Usio na Ratiba

Umeme ukiwa na mgao, tunategemea TANESCO itutolee ratiba: leo Chumbageni, kesho Ngamiani. Unajua lini uchaji simu, lini upige pasi. Matibabu ya wazee wetu nayo yana mgao, ila ratiba hakuna, na hakuna anayekubali kuuita mgao.

Kwenye makaratasi mambo ni mazuri. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na ahadi ni matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo. Kuna vitambulisho, kuna madirisha ya wazee, na mabango yanatukumbusha kuwapisha.

Likizo iliyopita nilimpeleka bibi yangu kwenye kituo kimoja cha afya. Alipishwa kweli, daktari akamwona bila kulipa hata shilingi. Tulipofika dirisha la dawa, dada wa watu akasema kwa upole, "Bibi, ya presha ipo, ya sukari imeisha. Mkanunue nje." Bibi akaifunga ile karatasi kwenye pindo la kanga. Njiani ananiambia, "Si haba mjukuu wangu, nitameza hii ya presha." Nikanunua ya sukari ya wiki mbili kwa salio la boom. Wiki ya tatu nilikuwa nimesharudi chuo.

Sasa humu chuoni wapo wenzetu wanaosema wazi: hela haitoshi, kwa hiyo watoto na vijana kwanza, mzee ameshakula chumvi. La kwanza nakubali, hela haitoshi. Hata nchi tajiri zinagawa. Uingereza ina taasisi inaitwa NICE, ipo tangu 1999, inapima dawa ipi ilipiwe na serikali na ipi isilipiwe, na maamuzi yake yanatangazwa. Watu wanagomba, lakini wanajua wanagombea nini. Kwetu anayeamua ni rafu tupu.

La pili silikubali. Umri si ugonjwa. Dawa ya sukari inamfaa mtu wa miaka 70 kama inavyomfaa wa 40, na bila dawa hiyo gharama haiishi, inahamia kwenye kidonda cha mguu na kwenye figo. Halafu tukumbuke hawa ni nani. Miaka ya 1960 nchi hii iliongoza duniani kwa mkonge, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na mkoa wetu ndio uliokuwa kitovu chake. Vijana waliokata mkonge ule Muheza, Korogwe na Pangani ndio wazee wa leo. Kibarua wa shambani hakuachiwa pensheni.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na wasio na uwezo wanatakiwa kugharamiwa. Vizuri. Lakini asiye na uwezo ni nani? Mzee mwenye nyumba ya makuti na minazi kumi, anao au hana? Na akishapata kadi, itamnunulia nini siku rafu ikiwa tupu?

Ninachodai ni kidogo. Kila dirisha la wazee libandikwe orodha ya dawa ambazo mzee amehakikishiwa, tukianza na za presha na sukari. Ikiisha, kituo kiseme itapatikana wapi na nani atalipa. Na kama kuna tiba ambayo mfuko hauwezi kuibeba, isemwe hadharani tubishane, iwe bungeni au hapa kwenye midahalo yetu.

Mgao tutauvumilia, jamani, tumeshazoea. Ila tupewe ratiba, ili bibi ajue kabla ya kupanda daladala.