Mwenye Tovuti ni Mpangaji

Wataalamu wa istilahi za kompyuta bado hawajaafikiana kuhusu jina la kazi inayofanywa na kampuni zinazoweka tovuti za watu kwenye seva zao. Wapo wanaoiita kampuni hiyo "mwenyeji", na wapo wanaoiita kazi yenyewe "uhifadhi wa tovuti". Yamkini msomaji ataona kuwa huu ni ubishi wa darasani tu. Sivyo. Mwenyeji humkirimu mgeni siku mbili, na hata siku ya tatu akimpa jembe, hamtozi kodi wala hamtolei vyombo nje. Mhifadhi naye amepokea amana, na amana humrudia mwenyewe ikiwa kamili. Kampuni hizi hazikirimu wala hazipokei amana. Zinapangisha. Kwa bahati nzuri Kiswahili kina kitenzi kisichoficha jambo: mpangaji hupanga, mwenye nyumba hupangisha, na kiambishi kimoja cha usababishi kinatosha kuonyesha nani anatoa pesa na nani anazipokea. Neno linalofaa basi ni "upangishaji wa tovuti", na mfanyabiashara mdogo akilishika neno hilo atajua la kuuliza kabla ya kulipa.

Chukua mfano wa mama anayeuza vyondo mjini Machakos. Anataka tovuti yenye picha za bidhaa zake, bei, namba ya simu na maelezo ya kulipia kwa M-Pesa. Mbele yake kuna mipango mitatu: mdogo, wa kati, na ule mkubwa ulioandikwa kwa herufi nzito kwamba hauna kikomo. Hofu ya kuishiwa na nafasi humsukuma kwenye ule wa tatu. Hesabu yake, hata hivyo, ni nyepesi. Picha 200 zilizopunguzwa hadi kilobaiti 300 kila moja ni megabaiti 60 tu. Wateja 50 kwa siku, kila mmoja akifungua kurasa tano zenye megabaiti mbili kila ukurasa, watatumia megabaiti 500, yaani takriban gigabaiti 15 kwa mwezi. Mpango mdogo wenye gigabaiti chache za nafasi, na unaoruhusu data ya kiasi hicho kupita, utamfaa hadi biashara ikue. Kukodi seva nzima peke yake ni kama kupanga godauni ili kuweka kikapu.

Hilo "bila kikomo" nalo linastahili jicho la mwanaisimu. Tovuti za bei nafuu hukaa nyingi katika seva moja, mithili ya vyumba vya ploti vinavyotegemea bomba moja uani. Hakuna bomba lisilo na kikomo. Ndiyo maana chini kabisa ya mkataba, kwa maandishi madogo, huzuka kikomo kingine: idadi ya faili, au kiasi cha nguvu za prosesa ambacho mpangaji mmoja anaruhusiwa kutumia. Kadhalika ahadi kwamba tovuti itapatikana kwa asilimia 99.9 ya wakati. Kwa sikio ni ukamilifu. Kwa kalamu ni zaidi ya saa nane na nusu za mlango kufungwa katika mwaka. Ahadi ikishuka hadi asilimia 99, ambayo kwa sikio ni karibu ileile, mama wa vyondo anaweza kukaa gizani zaidi ya siku tatu na nusu bila mkataba kuvunjwa.

Bei nayo ina nyakati zake. Inayotangazwa aghalabu ni ya mwaka wa kwanza. Ile ya kuhuisha mkataba huandikwa kando, na mara nyingi huwa juu. Afadhali kujumlisha miaka mitatu kabla ya kulinganisha kampuni na kampuni.

Pigo kubwa zaidi, lakini, halitoki kwenye seva. Linatoka kwenye jina. Majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KENIC, na husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Jina la biashara kwa kawaida huwa chini ya .co.ke, na tangu mwaka 2017 linaweza pia kukaa moja kwa moja chini ya .ke. Kila usajili una jina la mwenyewe na anwani yake ya barua pepe. Ni ya nani? Mara nyingi ni ya kijana aliyetengeneza tovuti. Si lazima awe na nia mbaya: alikuwa na haraka, na mama hakuwa na barua pepe. Miaka miwili baadaye kijana amepata kazi ng'ambo, ilani ya malipo inatumwa kwenye anwani asiyoifungua tena, muda wa jina unakwisha nalo linarudi sokoni. Vyondo vipo, wateja wapo, lakini anwani iliyochapishwa kwenye kadi na mifuko inaelekea kwa mtu mwingine. Ni sawa na hati ya shamba kuandikwa jina la fundi aliyejenga nyumba, na hakuna Mkenya anayehitaji kuelezwa maana ya hati.

Mpangaji mwenye busara huuliza pia kuhusu moto. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVH liliteketea mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakapoteza kila kitu. Mmoja wao alikuwa amelipia nakala rudufu, na mkataba wake ulisema kwamba zingetengwa na seva. Kumbe zilikuwa mahali palepale. Mwaka 2023 mahakama ya biashara iliamuru alipwe fidia. Kilichomwokoa ni kifungu cha maneno. Hata hivyo, mama wa Machakos hana wakili wa kumpeleka mwenye nyumba mahakamani, kwa hiyo inampasa kupakua nakala yake mwenyewe kila mwezi na kuiweka nyumbani.

Kuhusu mahali pa seva, wauzaji wengi husema hapana tofauti. Ipo. Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini karibu na Afrika Kusini tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilizorota Kenya na katika nchi jirani. Tovuti iliyo kwenye seva ya Nairobi inaweza kumfikia mteja wa Nakuru kupitia KIXP, kituo kinachounganisha mitandao ya humu nchini, bila data kuvuka bahari. Anayewauzia watalii waliokwisha kurudi makwao ana hesabu tofauti. Anayewauzia Wakenya apange Kenya, hata ikimgharimu kidogo zaidi.

Haya yote yamo katika mikataba, na mikataba hiyo, hata ya kampuni za Nairobi, aghalabu imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini hakuna ibara itakayomtafsiria mama wa vyondo. Idara za Kiswahili zimetumia miaka mingi kuunda istilahi: tovuti, seva, kikoa, nywila. Nyingi zimelala katika orodha. Chama cha wanafunzi kinaweza kuchukua mkataba mmoja wa upangishaji, kiufasiri wote, kisha kiende nao sokoni na kumsomea mfanyabiashara kwa sauti. Anaposita, istilahi imeshindwa na irekebishwe hapohapo. Akikatiza kwenye kifungu cha usajili wa jina na kuuliza, "Sasa hili jina litakuwa langu au la huyo kijana?", wanafunzi wanaweza kuendelea na kifungu kinachofuata.