HAKI ISIFUNGIWE CHUONI

Sisi wa umri huu tulipokuwa watoto neno "chuo" tulilijua kwa maana moja tu: ukumbi wa mwalimu, jamvi la ukindu, msahafu juu ya marufaa, na bakora pembeni. Leo vyuo vimekuwa vikuu, vina majumba ya ghorofa na kumbi za taa nyingi, na watoto wetu husomeshwa humo mambo ambayo wazee wetu hawakuyaota. Jambo hilo twalifurahia, wala hatulionei choyo. Lakini furaha haimzuii mtu kusema la kweli, na la kweli tulilo nalo leo ni juu ya mihadhara ya haki za binaadamu, na sinema zinazoonyeshwa pamoja nayo, katika vyuo vikuu vya nchi yetu.

Kila inapokaribia tarehe 10 Disemba, siku ambayo mwaka 1948 Umoja wa Mataifa ulipitisha mjini Paris Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binaadamu, hubandikwa makaratasi ya kuwaalika watu. Mwaka mmoja katika miaka hii ya karibuni tulifunga duka mapema, sisi na jirani zetu wawili wa baraza moja, tukapanda gari kwenda kusikiliza. Chuo chenyewe hatutakitaja, kwani makusudio yetu si kumfedhehesha mtu.

Tulipokewa kwa heshima, tukakalishwa nyuma. Mhadhiri akasema kwa muda wa saa nzima, kwa Kiingereza tangu mwanzo mpaka tamati. Mmoja katika jirani zetu, mzee ambaye haki yake ameitafuta katika afisi nyingi kuliko mhadhiri yule alivyopata kuziona, alituinamia akauliza, "Anasemaje, bwana?" Tukamfasiria tulichokifahamu, na ambacho hatukukifahamu tukakinyamazia.

Kisha taa zikazimwa, ikaonyeshwa filamu ya Cry Freedom, iliyotengenezwa mwaka 1987, yenye kusimulia khabari za Steve Biko wa Afrika ya Kusini. Biko alianza kazi yake akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, akawa rais wa kwanza wa jumuiya ya wanafunzi weusi, na tarehe 12 Septemba 1977 akafa mikononi mwa polisi. Mzee wetu, aliyekuwa hakuambulia kitu katika mhadhara, alilia kwa sinema ile, kwani machozi hayahitaji mkalimani. Tukafahamu kwa nini polisi wa Makaburu waliikamata filamu ile Julai 1988, siku ile ile ya kuanza kuonyeshwa, ijapokuwa wakaguzi wao wenyewe walikuwa wamekwisha iruhusu.

Taa zilipowashwa, msichana mmoja mwanafunzi akasimama, akauliza kwa adabu na kwa Kiswahili safi: "Na ya Januari 2001, sinema yake tutaonyeshwa lini?" Mwenyekiti akatazama saa yake. Akasema kuwa wakati umekwisha, akawashukuru wageni, watu wakatoka. Basi ni swali la binti yule lililotutia kalamu mkononi.

Sisi ni watu wa mizani, na katika biashara mna ulaghai mmoja wa kale sana. Ni kuweka mawe mawili chini ya meza, zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Karafuu ya mkulima hupimwa kwa hili, na mchele anaorudi nao nyumbani hupimwa kwa lile. Mwenye duka wa namna hiyo hachelewi kuapa kuwa mizani yake ni sahihi, na kweli mizani haina kosa. Kosa limo katika mawe. Na mihadhara mingi ya haki za binaadamu tuliyoisikia ina mizani nzuri iliyong'arishwa, lakini dhulma ya mbali hupimwa kwa jiwe moja na dhulma ya karibu kwa jiwe jingine.

Maradhi haya si mapya, wala hayakuanzia kwetu. Tangazo lile la 1948 lilipopigiwa kura, mataifa 48 yaliliridhia, 8 yalijizuia, na hapana hata moja lililolipinga. Katika yaliyoridhia ilikuwamo Uingereza, nayo siku hiyo hiyo ilikuwa ikivitawala visiwa hivi bila ya kutuuliza. Na ndio mwaka huo huo wachukuzi wa bandari ya Unguja waligoma kwa kudai ujira wa kumtosha mtu kula, mgomo ukaenea mji mzima. Haki ilikuwa ikisifiwa Paris, na huku aliyeidai alihesabiwa kuwa ni mfanya fujo. Je, sisi tuliojitawala twataka kuurithi ustadi huo?

Wako watakaosema kuwa kuonyesha picha za maovu ni kuchimbua makaburi. Sisi twajibu kuwa haki za binaadamu zenyewe, kama zinavyosomeshwa leo, zilikuja baada ya ulimwengu kukubali kutazama. Tarehe 29 Novemba 1945, katika mahkama ya Nuremberg nchini Ujerumani, taa zilizimwa na wakuu wa Wanazi wakaonyeshwa filamu iliyopigwa katika kambi zao za mateso. Picha ile ilikuwa shahidi aliyesimama mbele ya makadhi. Miaka mitatu haijapita sana likaja Tangazo. Mficha maradhi kilio humuumbua, na taifa ni kama mtu.

Basi na tutazame kwetu. Tarehe 27 Januari 2001, baada ya uchaguzi wa Oktoba 2000 uliojaa mabishano, watu waliandamana Unguja na Pemba, na vyombo vya dola vikafyatua risasi. Tume iliyoundwa na Serikali, chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, ilihesabu waliokufa kuwa ni 31. Shirika la Human Rights Watch, katika taarifa yake ya mwaka 2002, liliandika kuwa hawakupungua 35. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari wakakimbilia Shimoni, katika nchi ya Kenya. Khabari hizi si siri, zimo katika vitabu vya serikali na vya wageni. Waliozaliwa mwaka ule wamekwisha kuwa watu wazima, na wengi wao wamepita katika kumbi hizo hizo, wakamlilia Biko kama ilivyowapasa, wala wasiambiwe ni nani aliyezikwa Wete na Micheweni.

Lakini hapa, ndugu wanachama, hatuna budi kuligeuza jiwe upande wa pili, kwani karatasi hii haikuandikwa kwa ajili ya kujisifu. Sisi nasi tuna mawe mawili. Mhadhiri akitaja 2001 twapiga makofi. Akitaja soko la watumwa lililokuwa mjini Unguja mpaka likafungwa mwaka 1873, twaanza kukohoa na kutafuta viatu. Akitaja waliokufa katika fujo za uchaguzi za Juni 1961, kila mmoja wetu hutaka kwanza kujua walikuwa wa upande gani. Akitaja Januari 1964, wengine husema wote waliokufa walistahiki, na wengine husema kuwa kabla ya siku ile hapakuwa na aliyeonewa. Kauli zote mbili ni za mwenye duka mwenye mawe mawili. Hata siku ile ya 2001, askari polisi naye alikuwamo katika waliouawa, na mama yake alilia kama mama zetu. Katika chuo kile kidogo, juu ya jamvi, tulifundishwa kuwa ushahidi wa haki hutolewa hata ukiwa juu ya nafsi zetu na jamaa zetu. Hatuoni kwa nini somo hilo liwe gumu zaidi katika chuo kikubwa.

Wala hatusemi kuwa kila picha ionyeshwe ovyo. Mwaka 1966 Wataliana wawili, Jacopetti na Prosperi, walitoa filamu iitwayo Africa Addio, na ndani yake mna picha zilizopigwa kutoka angani juu ya Unguja, Januari 1964, za watu wenye kukimbia na za maiti. Kuna waliopoteza jamaa zao ambao hawana ushahidi mwingine wa macho ila ule. Lakini filamu hiyo hiyo ililaumiwa katika nchi nyingi kwa kumdhalilisha Mwafrika na kumwonyesha kama kiumbe asiyeweza kujitawala. Basi picha yaweza kutoa ushahidi wa kweli kwa jicho moja na kudanganya kwa jicho la pili. Dawa yake si kuifungia sandukuni, maana leo kila kijana anayo simu mfukoni na ataitazama peke yake usiku, bila ya mtu wa kumwongoza. Dawa yake ni kuitazama pamoja na mwalimu, mwalimu akaeleza ni nani aliyeipiga, kwa makusudio gani, na ni lipi lililoachwa nje. Hiyo ndiyo kazi ya chuo kikuu, na kazi hiyo baraza yetu haiwezi kuifanya peke yake.

Twajua kuwa walimu nao wana khofu zao. Nchi hii ina kumbukumbu: Oktoba 1966 wanafunzi karibu 400 wa Dar es Salaam walifukuzwa kwa kuandamana, na mwaka 1970 gazeti la wanafunzi, Cheche, lilipigwa marufuku. Lakini wanazuoni wenyewe, Aprili 1990, walikutana na kutoa Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa elimu na juu ya dhamana ya wasomi kwa jamii. Nusu ya pili ya azimio hilo ndiyo tunayoikumbusha. Uhuru wa msomi si mali yake ya kula peke yake. Ni amana aliyowekewa na hawa wanaolipa kodi.

Kwa hivyo matakwa yetu ni manne. La kwanza, mihadhara hii isemwe kwa Kiswahili. Lugha yetu si changa hata ishindwe na neno "haki". La pili, milango ifunguliwe kwa mvuvi, mkulima, mchukuzi na mama wa nyumbani, na mihadhara ivuke bahari ifike Chake Chake, Wete na Mkoani, kwa saa ambazo mtu wa kazi aweza kuhudhuria. La tatu, mwenye kuuliza ajibiwe, wala jina lake lisiandikwe pembeni. La nne, yasomeshwe mambo yenye manufaa kwa raia wa leo. Ni wangapi katika wanakijiji wetu waliopata kuambiwa kuwa Katiba ya Zanzibar ya 1984 ina sura nzima ya haki zao? Ni wangapi wajuao kuwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imekaa Arusha tangu 2007, kwamba mwaka 2010 Tanzania iliruhusu raia wake kuipelekea mashtaka moja kwa moja, na kwamba mwaka 2019 iliitangua ruhusa hiyo? Mtu aliyenyang'anywa kitu asichojua kuwa alikuwa nacho hata kulia hawezi.

Na kwa wanachama wetu twasema: msingoje kualikwa. Nendeni mkakae viti vya nyuma, mkasikilize kwa adabu, na mkiulizwa la kwenu mlijibu kwa insafu. Twapata khabari kuwa binti yule amekwisha maliza masomo yake, naye sasa ni mwalimu wa skuli. Swali lake bado halijajibiwa. Siku litakapojibiwa, mbele yake na mbele ya mzee wetu, kwa lugha wanayoifahamu wote wawili, ndipo tutakaposema kuwa haki za binaadamu zimefika visiwani.