Kidakuzi na Kiti cha Steshenari

Hoja iliyochapishwa hivi karibuni, kwamba vidakuzi ni kero ya Wazungu na kwamba mwananchi asiye na la kuficha abonyeze tu "Kubali" aendelee na shughuli zake, inawafikiria wenye kompyuta zao wenyewe, watu ambao Keko, jijini Dar es Salaam, si wengi. Kidakuzi ni faili dogo la maandishi ambalo tovuti hulihifadhi ndani ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, ili imtambue mtumiaji anaporudi. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa Netscape, na ndicho kinachoiacha akaunti wazi.

Hapo ndipo penye shida. Katika steshenari za Keko Magurumbasi, ambako kompyuta hutumiwa na wateja wengi kwa zamu, kijana aliyemaliza kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu hulipa na kuondoka bila kutoka kwenye akaunti, na anayekalia kiti kile kabla hakijapoa hukuta barua pepe ya mwenzake imefunguka. Je, huyo aliyeondoka naye hakuwa na la kuficha?

Kuzuia vidakuzi vyote si dawa, kwa kuwa tovuti nyingi zitakataa kumwingiza mtu. Kinachofaa ni kuzuia vile vya wahusika wa tatu, vinavyowafuata watu kwa ajili ya matangazo, na kutumia hali fiche ya kivinjari, ambayo madirisha yake yote yakifungwa hufuta vidakuzi vyake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika Tanzania tangu Mei 2023, lakini haimfungii mtu akaunti aliyoiacha wazi dukani.