Mji Mkongwe Unahitaji Mafundi na Wenyeji: Barua ya Wazi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe,
Zanzibar.

YAH: CHUO CHA MAFUNDI WA CHOKAA NA NAFASI YA WENYEJI KATIKA MJI MKONGWE

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,



Mimi ni mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa. Hivi karibuni nilikuja Unguja na marafiki zangu kwa mapumziko ya wikendi. Mmoja wetu ni mzaliwa wa Lamu, mwingine ni mhandisi wa majengo, na mwingine anasomesha historia katika shule ya upili. Tulikuja kutembea, kula na kupumzika, na yote hayo tuliyapata kwa ukarimu ambao tutausimulia kwa muda mrefu. Nakuandikia kwa sababu ya swali lililotufuata kichochoro kwa kichochoro: ni nani atakayekuwa akizitengeneza nyumba hizi watoto wetu watakapokuja kuziona?

Nina haki gani ya kuuliza, ilhali mimi ni mgeni mwenye muhuri wa uhamiaji kwenye pasipoti? Naomba nijibu kwa historia. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipojenga jumba la Beit al-Ajaib hapo Mji Mkongwe mwaka 1883, Mombasa na Lamu zilikuwa chini ya utawala wake, na forodha za bandari zetu zilikuwa zikijaza hazina iliyolipia majumba yale. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa, hadi mwaka 1963. Mipaka ilipochorwa, damu na ndoa hazikukatika. Kwa hiyo barua hii isomwe kama ya jirani mwenye nyumba ya mawe kama yenu, mwenye hofu kama yenu.

Tulisimama mbele ya Beit al-Ajaib Jumamosi asubuhi. Jengo hili lilinusurika mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyomalizika chini ya saa moja na kuliangamiza jumba la jirani, Beit al-Hukm. Lililoshinda mizinga halikuushinda uchakavu. Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilianguka. Tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati, upande mkubwa wa jengo ukaporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Naanza na hao wawili kwa makusudi. Tunapozungumza juu ya urithi wa dunia, huwa tunahesabu milango ya nakshi na kusahau kwamba chini ya dari kuna watu.

Kuta za Mji Mkongwe, sawa na za kwetu Mombasa na za Lamu, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Ukuta wa namna hii hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa jua linapowaka. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, hata kwa tajiri. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba. Kila kitu katika nyumba hizo kilipimwa kulingana na kile ambacho bahari, mikoko na mwamba wa pwani vingeweza kutoa.

Fundi asiyeujua ukuta huo huja na saruji. Huziba ufa, hupiga lipu ngumu, hupaka rangi ya plastiki, na kwa mwaka mmoja au miwili nyumba hupendeza. Lakini kuufunika ukuta wa matumbawe kwa saruji ni sawa na kumvika mtu koti la mvua mchana wa kaskazi: jasho halina pa kutokea. Maji hubaki ndani, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuibandua, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huanza kuoza mahali pasipoonekana. Ongeza hapo tangi la maji juu ya paa, mkahawa wa ghorofani na bomba linalovuja, na utaelewa kwa nini nyumba iliyosimama zaidi ya karne inaweza kuanguka mvua moja ikizidi.

Chokaa haitaki haraka. Huchomwa, huzimwa kwa maji, huachwa ilale, kisha hupakwa tabaka jembamba moja baada ya jingine, kila moja likingoja lililotangulia lishike. Mkandarasi anayelipwa kwa kumaliza mapema hana subira hiyo. Mwenzetu mhandisi alituambia waziwazi kwamba chuo kikuu alisomeshwa zege na nondo, na kwamba kuhusu chokaa yale anayoyajua aliyapata kwa wazee wa kazi. Mwenzetu wa Lamu akaongeza kuwa huko kwao wazee hao wanapungua, na vijana wanakimbilia bodaboda kwa sababu ndiko kwenye riziki ya kila siku. Hatuwezi kuwalaumu vijana. Kazi isiyo na chuo, isiyo na cheti na isiyo na zabuni haiwezi kumlisha mtu.

Hapo ndipo lilipo ombi langu la kwanza, ambalo ni kubwa kuliko mengine. Kazi ya kulirudishia Beit al-Ajaib umbo lake isiishie kwenye jengo. Iwe mwanzo wa chuo cha kudumu cha mafundi wa Mji Mkongwe: wachomaji na wapakaji wa chokaa, waashi wa mawe ya matumbawe, maseremala wa boriti na wachongaji wa milango. Uwezo mnao. Jengo la Tharia Topan pale Mizingani, lililowekewa jiwe la msingi mwaka 1887 na kuwa zahanati kwa miaka mingi, lilikuwa limechakaa vibaya kabla ya Shirika la Aga Khan la Utamaduni kulikarabati katika miaka ya 1990. Leo roshani zake za mbao ni fahari ya ufuo mzima. Mikono iliyoifanya kazi ile ilikuwa ya watu, na mikono hufundisha mikono mingine ikipewa nafasi.

Chuo hicho kiwe cha pwani yote. Kilwa Kisiwani iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, Ilha de Moçambique mwaka 1991, Mji Mkongwe mwaka 2000, Lamu mwaka 2001 na Ngome ya Yesu mwaka 2011. Kutoka Lamu hadi Msumbiji, mahitaji ni yale yale: fundi anayeijua chokaa. Kijana wa Lamu aje ajifunze Unguja, wa Unguja aende kukarabati Kilwa, na cheti chake kitambuliwe na serikali zote mbili za Kenya na Tanzania. Wasichana waalikwe tangu siku ya kwanza. Na sheria ya zabuni iseme wazi kwamba hakuna atakayegusa nyumba iliyo ndani ya eneo la hifadhi bila ya kuwa na fundi mwenye cheti hicho.

Ombi la pili linawahusu wenyeji. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, na nyingine ni za wakfu. Humo waliingia watu wa kawaida, mara nyingi familia kadhaa katika nyumba moja, kwa kodi ndogo. Kodi ndogo ilikuwa haki na huruma, lakini haikutosha kutengeneza paa. Mpangaji hawezi kukarabati nyumba isiyo yake, na mwenye nyumba hapati cha kukarabatia. Katikati ya hao wawili maji yanapita. Anapotokea mwekezaji mwenye fedha, jibu linaonekana limepatikana: familia zihame, nyumba iwe hoteli.

Sisemi hoteli zifungwe. Wikendi ile nasi tulilala katika nyumba ya zamani iliyofanywa nyumba ya wageni, na bila ya fedha za wageni pengine ingekuwa gofu. Utalii umewapa kazi vijana wa mitaa ya Ng'ambo na wa mashamba, na hilo ni jema. Ninachosema ni kwamba mji hauwezi kuwa wa wageni peke yao. Tulipopita Shangani tulikuta mtaa baada ya mtaa wa maduka ya vinyago na hoteli. Tulipoingia ndani zaidi, upande wa Kiponda na Malindi, tukakuta watoto wakitoka chuoni na misahafu yao, mama akiteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani, wazee barazani wakinywa kahawa na kubishana juu ya mpira. Tulikuja kutoka Kenya kwa ajili ya mtaa huo wa pili. Wenyeji hao wakihama, mtakuwa na kuta nzuri zinazouza tisheti.

Kwa hiyo wekeni kiwango. Kila mtaa uwe na idadi ya nyumba ambazo haziruhusiwi kugeuzwa kuwa biashara ya malazi, na ghorofa za juu zibaki za kuishi watu hata kama chini kuna duka. Na sisi wageni tulipe. Tunatumia maji yenu, tunaacha taka zetu, tunapiga picha milango ya watu bila ya kubisha hodi. Tengeni sehemu ya tozo tunazolipa iwe mfuko wa mapaa na mabomba ya nyumba zinazokaliwa, za serikali, za wakfu na za watu binafsi. Kila mwaka bandikeni hadharani, pale Forodhani, orodha ya nyumba zilizotengenezwa na kiasi kilichotumika. Mgeni akiiona fedha yake juu ya paa la mtu, atalipa bila ya kunung'unika, na mwenyeji atamwona mgeni kuwa mshirika.

Ombi la tatu ni kuhusu kitakachowekwa ndani ya Beit al-Ajaib litakapofunguliwa tena. Kabla ya kuanguka, jengo lilikuwa makumbusho, na ukumbini mlikuwa na mtepe, jahazi la mbao zilizoshonwa kwa kamba ya kumbi bila ya msumari. Mtepe usimame tena humo, kwa maana ndio uliobeba historia yetu kabla ya meli za chuma. Isikike sauti ya Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili na kuifikisha taarabu kwa watu ambao kasri halikuwahi kuwaalika. Na isemwe kweli yote. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, chini ya Barghash huyo huyo na kwa shinikizo la Waingereza, lakini karafuu zilizotajirisha Unguja ziliendelea kuchumwa na mikono ya watumwa kwa miaka mingi baada ya hapo. Mwenzetu wa historia alisema anataka kuwaleta wanafunzi wake. Anataka wasome hayo kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, bila ya kufichwa.

Mheshimiwa, najua Mamlaka yako haina uwezo juu ya kila jambo nililolitaja. Wakfu una kamisheni yake, mafunzo yana wizara yake, na fedha zina wenyewe. Lakini ninyi mmekuwapo tangu 1985, na hakuna chombo kingine chenye dhamana ya kuwaita wote hao kwenye meza moja. Waiteni. Waalikeni pia wakaazi wa mitaa, kwa kuwa wao wanajua paa lipi linavuja kabla ya mtaalamu yeyote kupanda ngazi.

Kwa upande wetu, ombi kama hili nitalifikisha kwa wakuu wa makumbusho na wa kaunti huko Mombasa, kwani Mji wa Kale una majeraha hayo hayo. Naomba jibu lako nalo liwe la wazi, ili wenyeji wa Unguja na sisi majirani tulisome pamoja. Tangazeni siku ya kwanza ya mafunzo ya chokaa, nasi kutoka Mombasa na Lamu tutawaletea wanafunzi.

Wako katika kulinda miji ya pwani,

Mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa.