Kilo ya Maziwa si Lita

Wakulima wengi wapelekao maziwa kwenye chama cha ushirika hudhani kwamba kilo na lita ni kitu kimoja. Kwa maji ni kweli, maana lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa maziwa si kweli, na kosa hilo laweza kumfanya karani mwaminifu ashukiwe wizi.

Maziwa ni mazito kuliko maji, kwa kuwa ndani yake mna sukari, protini na madini. Mafuta yake ni mepesi kuliko maji, lakini hayatoshi kuupunguza uzito huo. Lita moja ya maziwa safi ya ng'ombe huwa na uzito wa kilo 1.03 hivi.

Basi atakaye kujua lita, na agawanye kilo kwa 1.03, na atakaye kujua kilo, azidishe lita kwa 1.03. Kwanza lakini apime mkebe mtupu, autoe uzito wake.

Tuseme mzani waonyesha kilo 41.2 za maziwa matupu. Ukigawanya kwa 1.03, wapata lita 40 kamili. Ikiwa bei ni ya lita, na karani aandika lita 41.2, chama kitalipia lita 1.2 zisizokuwapo. Kwa siku 30 hizo ni lita 36. Siku ya kukagua vitabu zitatafutwa katika tangi zisionekane, na karani ataulizwa alizipeleka wapi. Ikiwa bei ni ya kilo, naye apima lita 40 na kuandika kilo 40, mkulima ndiye apotezaye: kilo 36 kwa mwezi.

Maziwa ya ng'ombe wote hayalingani. Kwa hiyo karani hutumia laktomita, kipimo cha kioo kielacho katika maziwa. Kikionyesha 30, maana yake ni 1.030, kikionyesha 28, ni 1.028, na hiyo ndiyo hesabu ya kugawanyia. Maziwa yakiwa na joto kipimo huzama zaidi, basi yafaa kuangalia joto kabla ya kumshtaki mtu kwamba ametia maji.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenye kilo mahali pa lita halilindi mali ya mtu.