Mwanga wa okidi huulizwa jani

Wateja wanaonirudia kitaluni na okidi iliyochoka huja na swali moja: "Mama, niimwagilie mara ngapi?" Ni nadra mtu kuniuliza aiweke wapi. Nimeuza maua kando ya barabara hapa Nairobi kwa miaka mingi, nimeshika vyungu vingi vya aina hiyo mikononi, na msimamo wangu ni huu: okidi za ndani zinazonifikia zikiwa mahututi, nyingi ziliharibikiwa na giza kabla ya kuharibikiwa na maji. Wenyewe hawakuliona giza hilo kwa sababu walilipima kwa macho.

Macho ni shahidi mbaya wa jambo hili. Mboni hutanuka penye kiza na kubana penye jua, kwa hiyo mtu akitoka uani akaingia sebuleni, muda si muda huona kila kitu vizuri na kusema chumba kina mwanga tele. Kipimo kinasema mengine. Jua la adhuhuri kwenye uwanja wazi hufika luksi 100,000. Sebule iliyowashwa taa, ambamo mtu anasoma gazeti bila shida, mara nyingi haivuki luksi mia chache. Okidi tunayoiuza kwa wingi, Phalaenopsis, ile yenye majani mapana na maua yaliyojipanga kwenye kikonyo kirefu, huhitaji luksi kati ya 10,000 na 15,000 kwa saa nyingi za mchana ili istawi na kuchanua tena. Ukiiweka kwenye meza ya katikati ya chumba, umeinyima chakula.

Nasema chakula kwa kuwa ndicho hasa. Jani hutumia mwanga kutengeneza sukari inayojenga mizizi, majani na maua, na hakuna mbolea inayoweza kushika nafasi hiyo. Mwanga ukipungua, mmea hukua polepole na kunywa maji kidogo, chungu hakikauki upesi, na mizizi huanza kuoza. Hii ni mizizi ambayo kwao, katika misitu ya Ufilipino na Indonesia, hushikilia magome ya miti na kupigwa na upepo. Ikishaoza, majani hulegea. Mwenye mmea anaona majani yamelegea, anadhani ni kiu, anaongeza maji. Hapo maji huumaliza, ila chanzo kilikuwa ni mahali alipouweka.

Linalowapotosha wanunuzi zaidi ni maua yenyewe. Okidi huuzwa ikiwa imechanua, na maua hayo yanaweza kukaa miezi miwili au mitatu hata pembeni mwa chumba chenye kiza, kwa sababu yamejengwa kwa akiba iliyowekwa kitaluni. Mnunuzi huona uzuri umedumu akaamini kwamba pale pamekubali. Maua ya kwanza ni kazi ya mkulima aliyeyalea, na nyumba yako bado haijapimwa.

Anayepima nyumba yako ni jani jipya. Majani ya chini yalikua kitaluni, lile la juu limekua mikononi mwako, nawe unaweza kuyalinganisha ukiwa umesimama papo hapo. Jani jipya likiwa refu kuliko wenzake, jembamba, laini na lenye kuinama, mmea unanyoosha shingo kutafuta mwanga. Rangi nayo ina habari yake. Kijani kilichokolea sana, ambacho wateja wangu hukisifia kuwa ndiyo afya, mara nyingi ni dalili ya mwanga haba. Phalaenopsis iliyoshiba mwanga huwa na kijani cha wastani, kilichopauka kidogo. Ikielekea umanjano, au kingo za majani zikiingia wekundu wa zambarau, imekaribia kuzidiwa. Madoa meupe au ya hudhurungi yaliyokauka upande unaotazama jua ni majeraha ya kuungua, na hayaponi. Kabla hayajafika huko, liguse jani kwa mkono saa za jua kali. Ukilikuta lina moto, sogeza chungu siku hiyo hiyo.

Jani jipya huchukua wiki nyingi kukua, na asiyeweza kusubiri ana kivuli cha mkono wake. Saa sita mchana, siku isiyo na mawingu mazito, weka kiganja kati ya mwanga na mmea, sentimita 30 hivi kutoka kwenye majani. Kivuli cheusi chenye kingo kali kinaonyesha jua lililozidi kwa Phalaenopsis. Kivuli hafifu, ambacho kingo zake zimefifia lakini bado unatambua vidole, ndicho kinachoifaa. Usipoona kivuli chochote, mwanga hautoshi, hata kama macho yako yanabisha. Rudia asubuhi na alasiri, maana dirisha moja lina tabia tofauti kila saa. Programu za simu za kupima mwanga nazo husaidia. Hesabu zake hutofautiana kati ya simu na simu, lakini kwa kulinganisha kona mbili za nyumba moja zinatosha.

Kisha inama mpaka macho yako yawe usawa wa jani, utazame nje. Unaona mbingu kiasi gani? Katika fleti zetu za siku hizi, ambako ukuta wa jirani uko hatua chache tu, dirisha linaweza kuwa kubwa na bado jani lisione hata kipande cha anga. Kila hatua unayorudi nyuma kutoka kioo, kipande hicho hupungua na mwanga huanguka kwa kasi. Ongeza pazia zito, vioo vya rangi, wavu wa mbu na vumbi juu ya majani, utaelewa kwa nini chumba cha kupendeza kinaweza kuwa jela ya mmea.

Kuhusu upande wa dirisha, tusimeze ushauri wa vitabu vya Ulaya na Marekani bila kutafuna. Huko dirisha la kusini ndilo lenye jua mwaka mzima. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta: Juni jua hupitia kaskazini mwetu, Desemba hupitia kusini. Kwa hiyo chungu kilichotulia salama kwenye dirisha la kusini mwezi Julai kinaweza kuungua Januari, na mawingu ya Julai na Agosti hupunguza mwanga hata wa dirisha zuri. Dirisha la mashariki ndilo ninalolipendekeza kwanza, kwa kuwa jua la asubuhi ni pole na linakuja miezi yote. La magharibi linafaa likiwa na pazia jepesi. Asiye na dirisha la maana anaweza kutumia taa nyeupe ya LED iliyotengenezwa kwa mimea, ikae karibu na majani, iwake saa 12 kwa siku.

Wapo watakaoniambia kwamba okidi zao zina mwanga mzuri na hazichanui. Naam, hilo lipo. Phalaenopsis huanza kutoa kikonyo cha maua inapopata ubaridi wa chini ya nyuzi 25 hivi kwa wiki kadhaa. Nairobi ubaridi huo tunao, lakini Mombasa joto linaweza kuuzuia mmea kuchanua hata ukiwa na majani mazuri kabisa. Vilevile si okidi zote zina mahitaji sawa: Vanda na Cattleya hutaka mwanga mkali zaidi. Ndiyo maana nasisitiza dalili kwenye mmea wenyewe kuliko kanuni iliyokaririwa.

Lawama kubwa, hata hivyo, naiweka kwetu wauzaji. Tunapokea pesa nzuri kwa mmea unaoweza kuishi miaka mingi, kisha tunamwachia mteja aende nao bila neno, tukijua atarudi kununua mwingine. Huo si uungwana. Kabla ya kutaja bei, tumuulize mteja: dirisha lako linatazama wapi, na mmea utakaa umbali gani nalo? Akijibu kwamba anataka pambo la ukumbini kusikofika jua, tumwambie wazi kwamba okidi haimfai. Tumpe Zamioculcas, mmea wa asili wa Afrika Mashariki hii hii, unaovumilia kiza na ukame kwa miezi. Tutapata faida ndogo siku hiyo, lakini tutakuwa tumemtendea haki yeye na mmea.

Na wewe uliye na okidi nyumbani, kabla ya kuimwagilia tena, weka kiganja chako juu yake hapo ilipo, uangalie kivuli. Ikiwa hakuna kivuli, ipeleke dirishani.