USIKEMEE PEPO NA SIGARA IKO MFUKONI

Somo la leo ni Waamuzi 7:16-22. Lisome kwanza, kisha urudi hapa.

Kuna ujumbe umezunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Unasema aliyeokoka akibeba inhela amepungukiwa na imani, na kwamba kikohozi kisichoisha ni roho iliyotumwa na jirani. Kama mchungaji wako nakwambia: huo si ufunuo. Ni uongo, na unatuzikia wazee.

Mzee ninayemsema unamjua. Yuko wake kila kijiji, kuanzia Litein hadi Longisa. Amevuta sigara tangu ujana. Asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya majani chai, anakohoa hadi anashika ukuta. Zamani alipanda mteremko na kikapu kimejaa mgongoni. Siku hizi anapumzika mara tatu kabla ya kufika barabarani, na watu wananong'ona kwamba amerogwa.

Hajarogwa. Sikia kinachoendelea kifuani mwake.

Mungu aliweka walinzi ndani ya mapafu yako. Ni seli za kinga. Aina moja, makrofeji, hukaa kwenye vifuko vya hewa na kumeza vumbi na vijidudu. Moshi wa sigara ukiingia, hizo hupiga mbiu, na askari wengine waitwao nyutrofili humiminika kutoka kwenye damu wakiwa na kemikali kali za kumaliza adui. Adui akiwa kijidudu, wanamuua na vita vinaisha. Lakini moshi hauuawi. Ukiwasha nyingine, mbiu inapigwa tena. Miaka 20, miaka 30, jeshi halirudi kambini. Mwishowe zile kemikali zinakula nyuzi zinazolifanya pafu livutike na kurudi kama mpira, na kuta za vifuko vya hewa zinabomoka. Mwili una breki ya kuzuia kemikali hizo, lakini moshi huohuo unaiharibu breki. Huo ndio ugonjwa sugu ambao daktari anauita COPD.

Sasa umeelewa kwa nini nimekutuma kwa Gideoni? Mienge iliwaka usiku, Wamidiani wakachanganyikiwa, jeshi likajimaliza lenyewe. Ndilo pafu la mvutaji. Mchawi hahitajiki hapo. Kiberiti kinatosha.

Najua majibu yako.

"Pasta, babu yangu alivuta hadi miaka 90." Mshukuru Mungu kwa ajili yake. Wako pia waliovuka Kipsonoi imefurika wakafika ng'ambo. Je, utampitisha mtoto wako hapo?

"Pasta, mama yangu hajawahi kugusa sigara na anaumwa vilevile." Kweli. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zenye kipato kama chetu, sigara inahusika na asilimia 30 hadi 40 ya wagonjwa wa COPD, na moshi wa majumbani ni chanzo kingine kikubwa. Kwa hiyo usimtafutie mama dhambi. Mfungulie dirisha la jikoni, mtafutie kuni zilizokauka. Na wewe uache kuvuta ndani ya nyumba mliyoifunga kwa sababu ya baridi.

"Pasta, nimeshachelewa." Hujachelewa. Sitakudanganya: kuta zilizobomoka dawa haizijengi upya, na walinzi wanaweza kubaki na hasira hata baada ya kuacha. Lakini ukiacha leo, ubomoaji unapunguza kasi, na pumzi iliyobaki inadumu zaidi. Inhela nayo inafungua njia ya hewa ili upumue. Si sanamu. Usiitupe.

Sasa niseme langu. Miaka iliyopita nilimwekea mzee mmoja mikono, nikakemea roho ya kifua kwa sauti kubwa, kanisa likashangilia. Sikumuuliza swali moja tu: "Mzee, unavuta?" Ibada ilipoisha alienda nyuma ya kanisa akawasha. Mazishi yake niliyaongoza mimi. Nilimwomba Mungu msamaha, nikaiomba na familia. Ndiyo maana ujumbe ule sitaunyamazia.

Uponyaji naamini, na nitaendelea kuombea wagonjwa. Lakini soma Nehemia 4:9. Waliomba, na walinzi wakawekwa. Yote mawili.

Wiki hii, mwenye pakiti ailete madhabahuni au aitupe chooni, mradi asibaki nayo. Akishindwa peke yake anipigie, hakuna wa kumcheka. Mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili aende hospitali. Inaweza kuwa kifua kikuu, inaweza kuwa hiki. Apimwe makohozi, apimwe na pumzi. Akishapimwa aje tuombe, tukijua tunachoombea.

Bwana, warudishe walinzi wetu kambini. Tupe nguvu ya kuzima moto tuliouwasha wenyewe. Katika jina la Yesu, Amina.

Mtumie yule aliyekutumia ule ujumbe mwingine.